Mechi 64, Kikosi Kimoja: Bradford City Walivyogawa Nguvu Zao Msimu wa 2012/13

Bradford City walianza msimu wa 2012/13 Agosti 11, ugenini kwa Notts County, wakaumaliza Mei 18 uwanjani Wembley. Ni wiki 40 kamili, na ndani ya wiki hizo walicheza mechi 64: 46 za League Two, ambayo ni daraja la nne la soka ya Uingereza, 8 za Kombe la Ligi, 4 za Kombe la FA, 3 za Football League Trophy, kombe la klabu za madaraja ya chini, na 3 za mchujo wa kupanda daraja. Ukigawanya, ni mechi moja kila baada ya siku nne na nusu hivi, kwa miezi tisa. Tena mechi sita kati ya hizo zilikwenda hadi dakika 30 za nyongeza. Hizo ni dakika 180, sawa na kuongeza mechi mbili nyingine ambazo hazimo kwenye hesabu.

Kwa ratiba ya namna hiyo, klabu ya daraja la nne kwa kawaida inaporomoka. Bradford walifika fainali ya Kombe la Ligi na wakapanda daraja, vyote msimu mmoja. Simulizi ya maajabu yao imeshaelezwa sana. Ninachotaka kukichambua hapa ni namna kocha Phil Parkinson alivyoziendesha nguvu za wachezaji wake, kwa sababu naamini ndani yake kuna jibu la swali ambalo makocha wa timu ndogo huulizwa kila mwaka na hujibu vibaya: kombe au ligi?

Swali hilo kwa klabu kubwa lina jibu rahisi. Desemba 2019 Liverpool walikuwa na robo fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Aston Villa siku ya Jumanne, na nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu nchini Qatar Jumatano. Wakawapeleka vijana wa akademi Villa Park, wakafungwa 5-0, na kesho yake kikosi cha kwanza kikaifunga Monterrey huko Doha. Ndivyo anavyofanya mwenye vikosi viwili. Bradford hawakuwa na kikosi cha pili cha kupeleka popote. Kanuni za League Two za wakati ule ziliweka ukomo wa mishahara ya wachezaji kuwa asilimia 55 ya mapato ya klabu, na klabu yenyewe ilikuwa imeshuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2001 hadi daraja la nne mwaka 2007, ikiingia chini ya wasimamizi wa madeni mara mbili njiani. Huu ulikuwa msimu wao wa sita mfululizo huko chini, na msimu uliotangulia walishika nafasi ya 18. Kupanda daraja ndilo lilikuwa deni la kocha kwa mashabiki. Kombe halikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote.

Kwa hiyo waliobeba mzigo ni walewale. Gary Jones, nahodha na kiungo, alikuwa na miaka 35. James Hanson, mshambuliaji mrefu, miaka michache nyuma alikuwa anafanya kazi dukani huku akichezea timu ya ridhaa. Nahki Wells kutoka Bermuda, Rory McArdle, Stephen Darby, Nathan Doyle, Garry Thompson: majina haya unayakuta kwenye mechi ya Kombe la Ligi dhidi ya Arsenal mwezi Desemba, na unayakuta tena kwenye mechi za ligi ambazo hakuna kamera ya televisheni iliyokwenda.

Hapa inafaa kuelewa ni nini hasa kinachochoka. Mwaka 2010 Gregory Dupont na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia wachezaji wa timu ya kiwango cha juu, wakilinganisha wiki zenye mechi moja na wiki zenye mechi mbili. Umbali waliokimbia na kasi yao uwanjani havikupungua kwa kiasi cha kutajika. Kilichobadilika ni majeraha: 4.1 kwa kila saa 1,000 za mchezo na mazoezi katika wiki za mechi moja, na 25.6 katika wiki za mechi mbili. Ni zaidi ya mara sita. Mchezaji aliyecheza Jumamosi anaweza kukimbia Jumanne na kocha akadhani yuko sawa, kumbe misuli haijapona na akiba ya nguvu mwilini haijarudi. Hatari yenyewe haionekani kwa macho mpaka mtu ashike paja na kukaa chini.

Bradford waliionja. Mabeki wawili wa kati, Luke Oliver na Andrew Davies, walikaa nje kwa majeraha muda mrefu, na nafasi hiyo ikaenda kwa Carl McHugh, kijana wa Ireland mwenye miaka 19 tu. Curtis Good akaletwa kwa mkopo kutoka Newcastle United, kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu mikopo ya dharura nje ya dirisha la usajili. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba: kinda na mchezaji wa kuazima.

Sasa tazama wiki ya timu yenye mechi Jumamosi na Jumanne. Jumapili ni ya kunyoosha viungo na kutibiwa. Jumatatu huwezi kuwakimbiza, kesho wana mechi. Jumatano ni Jumapili nyingine. Inabaki Alhamisi, na Ijumaa asubuhi kidogo kabla ya kupanda basi. Mazoezi ya kweli, yale ya kufundisha timu kukaba kwa pamoja au kutoka na mpira nyuma, hayapo tena. Timu inayotegemea mbinu zinazohitaji kurudiwa mara nyingi kwa kasi kubwa inaanza kusahau. Kila mechi inapoahirishwa na kuwa kiporo, inarudi baadaye na kula Alhamisi nyingine. Wasomaji wanaofuatilia viporo vya Simba na Yanga zinapokuwa kwenye mashindano ya CAF wanajua jinsi kiporo kinavyouma mwezi wa nne, lakini Simba na Yanga wana benchi la kukilia.

Jibu la Parkinson, kwa jinsi ninavyousoma mchezo wao, lilikuwa kucheza soka ambayo haihitaji Alhamisi nyingi. Walikaa 4-4-2 ya kawaida kabisa, mistari miwili ya watu wanne iliyokaribiana, mawinga wakirudi kusaidia mabeki wa pembeni. Mpira ukipatikana, haukutembezwa. Ulipelekwa mapema kwa Hanson, naye ama aliupiga kichwa kumwelekezea Wells ama alichezewa rafu. Vyote viwili vilikuwa na faida. Mbio zilikuwa fupi, kila mtu alijua mahali pa kusimama hata akiwa amechoka, na faulo ile ilimpa Jones nafasi ya kutenga mpira.

Hapo ndipo penye kiini cha msimu mzima. Katika robo fainali dhidi ya Arsenal na nusu fainali ya mikondo miwili dhidi ya Aston Villa, zote timu za Ligi Kuu, Bradford walifunga mabao matano ndani ya muda wa mchezo. Manne yalitokana na mipira iliyokufa, na yote manne mpira ulitoka mguuni mwa Gary Jones. Desemba 11, dakika ya 16, Jones alipiga faulo kuelekea eneo la hatari la Arsenal na Thompson akauunganisha bila kuusubiri utue. Januari 8, mkondo wa kwanza na Villa, Wells alifunga la kwanza, kisha dakika ya 77 kona ya Jones ikakutana na kichwa cha McArdle, na dakika ya 88 kona nyingine ya Jones ikakutana na kichwa cha McHugh, yule kinda. Ubao ukasoma 3-1. Wiki mbili baadaye, Januari 22 Villa Park, wenyeji wakiongoza 1-0 kwa bao la Christian Benteke na Bradford wakiwa wamebanwa kwelikweli, dakika ya 55 kona ya Jones ilimkuta Hanson, kichwa, wavuni. Villa walishinda 2-1 usiku ule lakini jumla ikawa 4-3 kwa Bradford.

Watu waliyaona mabao yale kuwa bahati ya timu ndogo. Mimi nayaona kuwa matumizi sahihi ya muda. Kona ndiyo sehemu pekee ya mchezo wa kushambulia ambayo unaweza kuifanyia mazoezi kwa kutembea. McArdle anaelekezwa aanzie wapi na amzunguke nani, Hanson anaambiwa asimame wapi ili avute beki wao mkubwa, Jones anapiga mipira mahali palepale mara kumi na tano, na hakuna msuli uliochoka. Unaweza kuifanya Jumatatu. Unaweza kuifanya asubuhi ya mechi. Timu ambayo ratiba imeinyima mazoezi, lakini ina mpigaji mmoja mwenye mguu wa uhakika na watu watatu wanaoruka, ina silaha ambayo haipungui makali kwa sababu ya uchovu. Jones mwenyewe ni mfano: kiungo wa miaka 35 hawezi kushindana mbio na Jack Wilshere wa Arsenal kwa dakika 120, lakini mpira ukiwa umetengwa, umri wake hauna maana yoyote.

Vivyo hivyo penalti. Bradford waliwatoa Wigan Athletic kwa matuta 4-2 baada ya suluhu ya 0-0, na Arsenal kwa 3-2 baada ya Thomas Vermaelen kusawazisha dakika ya 88. Kipa Matt Duke aliupangua mkwaju wa Santi Cazorla, na wa mwisho wa Vermaelen ukagonga mwamba. Ilikuwa mara ya tisa mfululizo kwa klabu hiyo kushinda kwa mikwaju ya penalti, mfululizo ulioanzia mwaka 2009. Mara tisa si kamari. Timu iliyoshinda mara nane kabla huingia dakika za nyongeza bila haraka, inakaba, inasubiri. Kwa kikosi kilichochoka, utulivu huo ni kupumzika kwa aina yake.

Ila dakika za nyongeza zina bei, na hapa ndipo ninapotofautiana na klabu. Mwezi Desemba Bradford waliondolewa kwenye Kombe la FA kwa kumchezesha Curtis Good dhidi ya Brentford bila kukamilisha ruhusa yake ya kucheza kombe hilo kama mchezaji wa mkopo. Klabu ikakata rufaa, ikashinda, ikarudishwa. Tuzo yake? Mechi ya marudiano ugenini kwa Brentford, timu ya daraja la juu yao, Desemba 18, wiki moja tu baada ya dakika 120 za Arsenal. Ikaenda dakika 120 tena, wakafungwa 4-2. Ratiba ya Krismasi ya Uingereza, ambayo haina huruma na mtu, ilikuwa mlangoni. Naelewa kwamba klabu haiwezi kukubali kufukuzwa kimyakimya, na mapato ya raundi ya tatu yalikuwa yanavutia. Lakini kwa upande wa miguu ya wachezaji, rufaa ile ilinunua mechi ambayo Bradford hawakuwa na nguvu ya kuilipia. Na chanzo chake ni karatasi. Ratiba inapobana, ofisi nayo inachoka: wachezaji wa mkopo wanaingia katikati ya wiki, kila shindano lina kanuni zake za usajili, na mtu mmoja ofisini anafukuzana na barua nne kwa wakati mmoja. Klabu ndogo inayoingia mashindano manne inahitaji katibu makini kama inavyohitaji daktari wa misuli.

Shindano la nne, Football League Trophy, liliishia Januari mikononi mwa Crewe Alexandra, hatua ya nusu fainali ya kanda ya kaskazini. Crewe wakaenda kulichukua kombe lenyewe. Sioni Bradford wakilililia, nao walikuwa sahihi.

Je, ligi iliumia? Iliumia, na anayesema kombe halikuwagharimu chochote anawadanganya makocha wengine. Katika League Two watatu wa juu hupanda moja kwa moja, wa nne hadi wa saba huingia mchujo. Bradford walimaliza wa saba kwa pointi 69. Port Vale walioshika nafasi ya tatu walikuwa na 78. Pengo la pointi tisa ni mechi tatu, na timu iliyocheza mechi 15 za makombe ina kila sababu ya kujiuliza mechi hizo tatu zilipotelea wapi. Kwa upande wa pili, Chesterfield walioshika nafasi ya nane na kukosa mchujo walikuwa na 67. Pointi mbili. Msimu mzima wa Bradford, pamoja na Arsenal na Villa na fainali, ulikuwa unaning'inia kwenye tofauti hiyo.

Fainali ya Kombe la Ligi, Februari 24, mbele ya watu 82,597, ilionyesha mpaka wa njia ya Parkinson. Swansea City ya Michael Laudrup walikuwa na viungo wanaotunza mpira, na mpira usipokufa Jones hana cha kutenga. Timu iliyojengwa kubana matumizi ilijikuta inakimbiza vivuli. Nathan Dyer alifunga mawili, Michu moja, Jonathan de Guzman mawili, moja kwa penalti baada ya Duke kupewa kadi nyekundu kabla ya saa moja ya mchezo kutimia. Ikaisha 5-0. Hapakuwa na aibu. Bradford ndio walikuwa timu ya kwanza ya daraja la nne kufika fainali hiyo tangu Rochdale mwaka 1962.

Ninachokisifu zaidi ni kilichofuata. Timu nyingi hufa baada ya siku kama ile. Wigan mwaka huohuo walitwaa Kombe la FA Mei 11 na siku tatu baadaye wakashuka daraja kwa kufungwa 4-1 na Arsenal. Birmingham City mwaka 2011 walitwaa Kombe la Ligi na wakashuka. Bradford walirudi kwenye viwanja vya League Two na hatimaye wakawa na jambo moja tu la kufanya. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti hapakuwa na kombe lolote, na walioumia walianza kurejea. Ukilinganisha kikosi kilichoanza Wembley Februari na kilichoanza hapohapo Mei, wachezaji saba ni walewale: Darby, McArdle, Thompson, Jones, Doyle, Hanson na Wells. Wanne walibadilika. Jon McLaughlin alikuwa langoni badala ya Duke, Davies aliyepona akachukua nafasi ya McHugh, James Meredith ya Good upande wa kushoto, na Kyel Reid ya Will Atkinson kwenye winga. Mabadiliko manne, matatu kati yake nyuma kabisa. Uti wa mgongo wa kushambulia haukuguswa, na mahali palipokuwa pamezibwa kwa kinda na mkopo pakarudishiwa watu wazima.

Mchujo wenyewe ulikaribia kuwatoka. Mei 2 walifungwa nyumbani 3-2 na Burton Albion. Siku tatu baadaye walikwenda Burton wakashinda 3-1, jumla 5-4. Kisha ratiba iliyowabana mwaka mzima ikawapa kitu ambacho hawakuwa wamekionja kwa miezi: siku 13 za kupumzika na kujiandaa kabla ya fainali na Northampton Town. Hanson alifunga dakika ya 15, McArdle ya 19, Wells ya 28. Mechi iliisha hapo, ingawa ilibaki zaidi ya saa moja ya kukaa kwenye mistari yao miwili na kuulinda ushindi wa 3-0.

Parkinson aliirudia njia hiyo miaka miwili baadaye, sasa akiwa League One, daraja la tatu. Januari 24, 2015 Bradford walikwenda Stamford Bridge, wakatangulia kufungwa 2-0 na Chelsea iliyokuwa inaongoza Ligi Kuu, wakashinda 4-2. Wakawatoa na Sunderland, wakafika robo fainali ya Kombe la FA, wakatolewa na Reading katika mechi ya marudiano katikati ya Machi. Hanson, McArdle, Darby na Davies walikuwa bado wapo, Jones alikuwa ameshaondoka. Msimu ulipoisha Bradford walikuwa tena wa saba, tena kwa pointi 69. Lakini mchujo wa League One huishia nafasi ya sita, na nafasi hiyo ilikwenda kwa Chesterfield, waliokuwa na pointi 69 vilevile na uwiano bora wa mabao.